Leza Isielekezwe Angani: Kulenga Ncha ya Kusini kwa Wenye Darubini Karibu na Ikweta

Swali hili halichoki kurudi, na huja kwa sura ileile: "Nimepata darubini yenye stendi ya ikweta. Video zote zinasema nichomeke leza ya kijani kwenye tundu la mhimili, niwashe, kisha nisogeze stendi mpaka mwali uguse nyota ya jaa. Niko Mbagala, Dar es Salaam. Nyota ya jaa siioni. Ninunue leza ipi?"

Nyota ya jaa hutaiona kutoka Mbagala hata ukipanda mnazi, maana iko chini ya upeo wa macho. Leza ya kijani huihitaji. Na leza utakayonunua hutaielekeza angani. Utaielekeza kwenye kipande cha kartoni kilichofungwa kwenye mti, mita kumi kutoka ulipo, kabla giza halijaingia. Usiku ukifika, leza iko mfukoni na wewe unatazama nyota.

Kama darubini yako ni ile ya Dobson, inayozungushwa kwa mkono juu ya kibao, haina mhimili wa kulenga na haya yote hayakuhusu. Wengine tuendelee.

## Hapa kwetu ncha iko chini

Stendi ya ikweta ina mhimili mkuu unaotakiwa kulala sambamba na mhimili wa dunia. Ukishalala hivyo, mota moja inayozunguka digrii 15 kwa saa inatosha kuishikilia nyota katikati ya kioo. Na kimo cha ncha ya anga juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. Aliyeko Muscat ana ncha ya kaskazini digrii 23.6 juu. Aliyeko Dar es Salaam ana ncha ya kusini digrii 6.8 tu. Nairobi ni 1.3.

Hapo ndipo maelekezo ya Ulaya yanapokwama:

- Unalenga kusini, si kaskazini. Walio kaskazini mwa ikweta, kama Kampala au Lodwar, ndio wanaolenga kaskazini, na kwao pia nyota ya jaa iko chini mno au haionekani.
- Kusini hakuna nyota angavu penye ncha. Iliyo karibu ni Sigma Octantis, digrii moja na kidogo kutoka ncha, yenye mwangaza wa daraja 5.4. Porini, ikiwa juu, jicho huiona kwa taabu. Ikiwa digrii saba juu ya upeo, vumbi, unyevu na taa za mji huimeza.
- Kundi la Salibu husaidia kukisia tu. Ukiuendeleza mstari wake mrefu mara nne na nusu unafika karibu na ncha, lakini "karibu" hapo ni digrii mbili tatu.
- Mwali unaofuata mhimili wako unatoka karibu ulalo. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote.

## Macho ya watu kwanza

London, mwali wa leza unaolenga ncha hupanda zaidi ya digrii 51 na kupita juu ya mapaa. Kwetu unaingia madirishani. Ukiwasha leza Dar es Salaam ikiwa kwenye mhimili uliolengwa sawasawa, mita 100 mbele mwali umepanda mita 12 tu kutoka ulipo: ghorofa ya tatu au ya nne ya jirani. Ukiwasha Nairobi, kwenye mita hizohizo 100 umepanda mita 2.2. Hapo mtu aliyesimama kwenye kibaraza chake anaupokea jichoni. Wala usiseme ndege ziko juu. Ndege inayotua huwa chini, na kuimulika kwa leza ni kosa la jinai katika nchi nyingi.

Kwa hiyo kanuni ya makala haya ni moja: mwali uishie kwenye shabaha yako. Ukiishikilia hiyo, mengine yanafuata.

- Nunua leza nyekundu ya daraja la 2, isiyozidi miliwati 1. Kwa mita kumi inatosha kabisa. Kijani hupendwa kwa sababu jicho huhisi rangi hiyo zaidi, hivyo mwali wake huonekana hewani. Sisi hatuhitaji kuona mwali hewani. Tunahitaji doa kwenye kartoni.
- Usiamini kibandiko cha leza ya bei ya kutupa. Leza nyingi za kijani hutengeneza rangi hiyo kutokana na infraredi, mwanga usioonekana. Zisizo na kichujio huutoa huo pia, na kwa kuwa jicho haliuoni, halipepesi wala halikwepi.
- Inayotangazwa kwamba inawasha kiberiti iache dukani. Inayochoma kijiti inachoma jicho.
- Shabaha isiwe inayong'aa. Kartoni ya kawaida ni nzuri. Bati jipya, kigae, kioo cha dirisha na rangi ya mafuta hurudisha mwali usikotarajia.
- Nyuma ya shabaha pawe na ukuta au kichuguu. Doa likikosa kartoni liangukie penye udongo, si barabarani.
- Wakati leza imewaka, watoto wawe ndani. Na usiinue macho usawa wa tundu la leza kuchungulia kama imewaka. Tazama kartoni.

Kuna atakayesema, "Mimi nina leza ya kijani tayari, nitaitumia kwa uangalifu." Uangalifu wako ni wako, aliyeko dirishani upande wa pili hana habari nawe. Weka.

## Vifaa vya kutafuta

Vingi viko kwa fundi uashi wa mtaani kwako, na hilo si ajabu, kwa sababu kazi yenyewe ni ya uashi kuliko unajimu.

- Uzi wa fundi, mita 15 hivi
- Timazi (jiwe lililofungwa kamba linafaa pia)
- Futi kamba ya mita 5 au zaidi
- Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, ule wanaopimia usawa wa msingi
- Fito au bomba lililonyooka la mita 3
- Kartoni na kalamu ya wino mzito
- Leza nyekundu, pamoja na kishikio chenye skrubu za kuirekebisha

Hicho kishikio usikipuuze. Jozi ya pete zenye skrubu tatu tatu, kama zile zinazoshika darubini ndogo ya kutafutia, ndiyo bora. Waya na utepe wa umeme vitakuudhi.

## Unyooshe mwali kabla ya kulenga

Kosa la wengi ni kuamini kwamba mwali hutoka sambamba na mwili wa leza. Mara nyingi hautoki hivyo. Basi kwanza tuhakikishe kwamba mwali unaufuata mhimili mkuu wa stendi.

1. Funga leza kwenye tundu la mhimili, pale pa darubini ya ncha. Kwenye stendi nyingine tundu huzibwa na mhimili wa pili. Uzungushe huo mpaka njia ifunguke. Stendi ndogo zisizo na tundu, funga leza kwenye bomba la darubini lenyewe, kisha uliweke bomba sambamba na mhimili mkuu, yaani digrii 90 kwenye kipimo cha mhimili wa pili.
2. Elekeza doa kwenye ukuta ulio mita 10.
3. Zungusha mhimili mkuu polepole nusu duara. Doa litachora upinde. Tia alama mwanzo na mwisho.
4. Kwa skrubu za kishikio, sogeza doa mpaka katikati ya alama hizo mbili. Usilisogeze lote mpaka alama ya mwanzo. Ni nusu tu.
5. Rudia mpaka ukizungusha doa likae palepale. Kama leza iko kwenye bomba, nusu ya kosa huenda iko kwenye mhimili wa pili, kwa hiyo chezea vyote viwili.

Duara dogo likikataa kwisha, lipime kwenye mita 3 na tena kwenye mita 10. Likiwa na ukubwa uleule kote, leza imekaa pembeni ya mhimili lakini iko sambamba nao, na hilo halina madhara. Likikua kadiri ukuta unavyokuwa mbali, bado leza imeinama.

## Kusini ya kweli bila dira

"Lakini simu yangu ina dira." Inayo, na ukiwa juu ya slabu iliyojaa nondo, karibu na paa la bati, umeinamia tripodi ya chuma, dira hiyo itakuonyesha popote. Hata ikiwa peupe, huonyesha kusini ya sumaku, si ya dunia. Kwetu tofauti ni ya digrii chache, nazo ni nyingi mno kwa kazi hii. Jua halina shida hizo.

Tafuta mahali tambarare. Slabu za nyumba zetu hujengwa kwa mteremko wa kumwaga maji ya mvua, kwa hiyo pima. Kama pameinama, fanya kazi hii uani.

1. Simamisha kijiti cha mita 1, ukakinyooshe kwa timazi.
2. Kama saa nne asubuhi, tia alama penye ncha ya kivuli.
3. Funga uzi kwenye shina la kijiti na uchore duara linalopita kwenye alama hiyo.
4. Kivuli kitafupika, kisha baada ya adhuhuri kitarefuka tena upande wa pili. Kinapogusa duara, tia alama ya pili. Kwa Dar es Salaam ni kati ya saa nane na robo na saa tisa na robo alasiri, kutegemea mwezi.
5. Unganisha alama hizo mbili kwa uzi. Uzi huo unakwenda mashariki hadi magharibi.
6. Pata pembe mraba kwa hesabu ya mafundi ya 3, 4 na 5, kisha vuta mstari wa mita 10 kuelekea kusini.

Wengine hupenda njia ya mkato: kuvuta mstari wa kivuli saa jua linapokuwa juu kabisa. Inafaa ikiwa unajua saa hiyo. Dar es Salaam kwa wastani ni saa sita na dakika 23 mchana, lakini katikati ya Februari hufika saa sita na 37, na mwanzoni mwa Novemba hushuka mpaka kama saa sita na 7. Mwanza, iliyo magharibi zaidi, huchelewa dakika 25 hivi nyuma ya Dar. Kuna tatizo kubwa zaidi: mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba, jua la Dar es Salaam hupita utosini. Kivuli cha adhuhuri kinakuwa kifupi kama kidole na huzunguka haraka. Majuma hayo njia ya mkato iache kabisa. Ile ya duara bado inafanya kazi.

Ukishapata mstari, upake rangi. Kazi hii hufanywa mara moja kwa kila kiwanja.

## Kimo cha shabaha

Sasa simika fito mwisho wa mstari, mita 10 kusini mwa stendi, ukalinyooshe kwa timazi. Kwa mpira wa maji, hamisha usawa wa tundu la leza mpaka kwenye fito na utie alama: hiyo ni sifuri yako. Kutoka sifuri, pima kwenda juu:

- Nairobi: sentimita 22
- Kigali: sentimita 34
- Mwanza: sentimita 44
- Arusha na Bujumbura: sentimita 59
- Mombasa: sentimita 71
- Zanzibar mjini na Dodoma: mita 1.08
- Dar es Salaam: mita 1.19
- Mbeya: mita 1.57
- Lubumbashi: mita 2.06

Kampala ni sentimita 5 na nusu, lakini fito lako liko kaskazini. Mji wako usipokuwepo hapa, chukua latitudo kutoka kwenye simu, tafuta tanjenti yake, zidisha kwa mita 10. Huna mita 10? Mita 5 zinafaa, na vipimo vyote vinagawanywa kwa mbili. Kosa la mkono wako ndilo linaloongezeka mara mbili.

Bandika kartoni, chora msalaba mahali hapo. Kwenye mita 10, sentimita 17 na nusu ni digrii moja. Kwa hiyo ukikosea sentimita 1, umekosea digrii 0.06 tu, usahihi ambao wengi wanaolenga nyota ya jaa kwa jicho hawaufikii.

Msomaji makini atauliza kuhusu hewa kupinda mwanga. Kweli, karibu na upeo wa macho hewa huinua nyota, na Nairobi kiasi hicho ni kama theluthi moja ya digrii. Ila wewe hulengi nyota iliyo upeoni. Unapima pembe ya dunia yenyewe, na nyota utakazopiga picha ziko juu. Usiongeze kitu.

## Kulenga

Fanya hivi kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Katika jua kali doa la miliwati 1 halionekani. Ukilazimika kuwahi, weka kartoni ndani ya boksi lililo wazi upande mmoja ili lipate kivuli.

1. Simamisha tripodi, mguu mmoja ukitazama kusini. Ning'iniza timazi katikati yake iangukie kwenye mstari. Penye mchanga au udongo laini, weka vipande vya kigae chini ya miguu.
2. Pakia kila kitu: darubini, kamera, uzito wa kusawazisha. Stendi tupu na stendi iliyobeba kilo kumi hazikai sawa.
3. Washa leza. Kwa skrubu za pembeni peleka doa kwenye mstari wima wa msalaba. Skrubu hizo husukumana: legeza moja kabla ya kukaza mwenziwe, usije ukazila meno.
4. Kwa skrubu ya kimo peleka doa kwenye mstari wa ulalo.
5. Kaza boliti zote huku unatazama doa. Litasogea. Hapa ndipo leza inapokupa raha: unaona kabisa boliti ipi inakuharibia, jambo ambalo usiku usingelijua.
6. Hakikisha tundu la leza halijapanda wala kushuka ulipokuwa ukibadili kimo. Likiwa limesogea, hamisha sifuri kwenye fito kwa kiasi hichohicho.
7. Zima leza, itoe, weka mbali.
8. Tia alama ya rangi mahali pa kila mguu.

Halafu geuza swichi ya mota iliyoandikwa N na S iende S. Stendi nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye N, na mtu anaweza kulenga vizuri kabisa kisha akashangaa nyota zinakimbia mara mbili ya kawaida.

## Stendi inapokataa kushuka

Hili ndilo linalowavunja moyo wengi. Stendi nyingi zimebuniwa kwa wanunuzi wa latitudo za Ulaya na Marekani, na kichwa chake hugota digrii 15 au 20, hakishuki zaidi. Usikilazimishe wala usikate chuma.

Njia nyepesi ni kuinamisha tripodi yenyewe kuelekea kusini. Kichwa kikigota 15 nawe unataka 7, unahitaji kuinamisha digrii 8. Pima umbali kutoka mguu wa kusini hadi mstari wa miguu miwili ya kaskazini. Kwa kila mita moja ya umbali huo, fupisha mguu wa kusini kwa sentimita 14. Tripodi haihitaji kuwa na usawa ili mhimili uwe sahihi. Usawa ni urahisi tu: ikiwa imeinama, kila ukirekebisha kulia na kushoto doa litapanda au kushuka kidogo, nawe utarudia mara mbili tatu.

Njia imara ni kabari. Fundi seremala akuchongee kabari ya mbao ngumu ya digrii unazohitaji, ikae kati ya tripodi na kichwa, na boliti ndefu zaidi ya katikati. Kwa anayeacha stendi mahali pamoja, hii ndiyo ningeichagua.

Njia yoyote utakayochagua, angalia mambo mawili:

- Fimbo ya uzito. Mhimili ukilala chini hivi, fimbo na uzito wake huweza kugonga mguu wa tripodi au skrubu ya kimo. Zungusha kwa mkono mzunguko mzima kabla ya kuwasha mota.
- Kuanguka. Stendi iliyoinama imepeleka mzigo kusini. Ning'iniza mfuko wa mchanga upande wa kaskazini.

## Usiku: nyota ndizo hakimu

Kwa kutazama Mwezi, Mshtarii au pete za Zohali, umemaliza. Hata kosa la digrii nzima halitakusumbua. Utagusa kirungu cha kusogezea darubini mara moja moja.

Kwa picha, pima unachohitaji. Kosa la digrii 1 husogeza nyota kama sekunde 16 za pembe kwa dakika. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera za kawaida hiyo ni kama pikseli moja kwa dakika, yaani si kitu. Kwa lenzi ya milimita 200 ni pikseli nne, na nyota zinaanza kuwa vijiti. Anayetumia darubini ya milimita 600 asiishie kwenye kartoni. Afanye na hatua inayofuata.

Weka kioo chenye msalaba au kamera. Kwanza jua kaskazini ya picha yako iko wapi: sukuma pua ya darubini kidogo kuelekea kusini, upande ambao nyota inakimbilia ndio kaskazini. Kisha:

Kwa kulia na kushoto, chagua nyota iliyo karibu na utosi. Zile tatu za ukanda wa Jabari ni tunu kwetu, hasa Mintaka, ambayo iko karibu juu kabisa ya ikweta ya anga. Subiri dakika tano bila kugusa kirungu.
- Ikienda kaskazini, mhimili umepinda mashariki. Sogeza ncha yake ya kusini kuelekea magharibi.
- Ikienda kusini, fanya kinyume.

Kwa kimo, chagua nyota iliyo mashariki, digrii 20 hadi 30 juu ya upeo.
- Ikienda kusini, mhimili uko juu mno. Shusha.
- Ikienda kaskazini, inua.

Hizi ni kanuni za kusini mwa ikweta. Vitabu vingi vina kanuni za kaskazini, ambazo ni kinyume, na mtu akizifuata hapa kila marekebisho yatamharibia zaidi. Kampala ifuate vitabu hivyo.

Nyota ikienda mashariki au magharibi, usiguse kitu. Hiyo ni mota, si mhimili. Rekebisha kidogo kidogo, robo ya mzunguko wa skrubu, kisha subiri tena. Jabari jioni za Desemba yuko mashariki na jioni za Februari yuko utosini, kwa hiyo Januari ukisubiri saa chache nyota hizohizo zinakufanyia kazi zote mbili. Julai hadi Oktoba, Altair inafaa.

Mwenye kamera na kompyuta anaweza kutumia programu zinazotambua nyota kwenye picha. Chagua isiyodai kuona eneo la ncha; ile ya kupima kwa pointi tatu ndani ya programu ya N.I.N.A. huridhika na sehemu yoyote ya anga. Hata hivyo, mwenye mhimili uliokwisha kulengwa kwa kartoni atamaliza haraka kuliko aliyeanza kwa kubahatisha.

## Dalili na sababu zake

- *Jana ilikuwa sawa, leo imekosea.* Mguu haukurudi kwenye alama, au kigae kimezama baada ya mvua.
- *Doa liko kwenye msalaba lakini nyota zinahama sana.* Leza haiko sambamba na mhimili. Rudia zoezi la kuzungusha. Kama liko sawa, tazama swichi ya S.
- *Nyota za mashariki ziko sawa, za utosini haziko sawa.* Mstari wa kusini umekosea. Kimo ni kizuri.
- *Kila kitu kinatikisika.* Miguu umeivuta mirefu mno. Keti, ifupishe.

## Mlioko Muscat, Ulaya na Marekani

Ninyi mnaiona nyota ya jaa, na njia ya leza ya kijani kwenu inafanya kazi ilivyoandikwa, maana mwali unapanda juu ya watu. Kagueni kwanza sheria ya nchi na njia za ndege. Simameni karibu kabisa na stendi mnapotazama mwali umegusa nyota. Aliye mita mbili pembeni ataona umegusa kwingine. Kumbukeni nyota ya jaa yenyewe iko zaidi kidogo ya nusu digrii kutoka ncha, kwa hiyo kuigusa kamili bado ni kukosea kwa kiasi hicho. Katika baridi ya Ulaya leza ya kijani hufifia. Iwekeni mfuko wa ndani wa koti mpaka dakika ya kuitumia. Na mkiwa kiwanjani na wapiga picha wengine, ombeni ruhusa kabla ya kuiwasha, kwani mwali mmoja huweza kuwaharibia wote picha walizokuwa wakizifungulia lenzi kwa dakika kumi.

Mkirudi likizo Tanga au Lamu na stendi zenu, leza hiyo ya kijani iacheni huko. Tafuteni fito.